Florence Baker: Mkimbizi aliyeuzwa mnadani na kuishi mashuani hadi Ziwa Mwitanzige

Mto Malaba, unaopita mpakani mwa Kenya na Uganda karibu na Tororo, si mbali na machimbo ya dhahabu ya Tiira katika wilaya ya Busia, una safari ndefu kuliko wengi wa wanaouvuka kila siku wanavyodhani. Maji yake huingia katika mto Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga. Kutoka huko hufuatana na maji ya Nile, hupita Karuma, huporomoka katika mwamba mwembamba wa Murchison, na hatimaye huingia katika ziwa ambalo ramani huliita Albert na watu wa Bunyoro huliita Mwitanzige.

Mwezi Machi mwaka 1864, mwanamume na mwanamke waliambaa na pwani ya mashariki ya ziwa hilo katika mtumbwi uliochongwa kutoka gogo moja. Nyuma ya mtumbwi huo kulikuwa na kibanda kidogo kilichofunikwa kwa ngozi za ng'ombe, na hicho ndicho kilichokuwa chumba chao. Mwanamume alikuwa Samuel Baker, Mwingereza ambaye baadaye alipewa medali, cheo na sifa kwa safari hiyo. Mwanamke alikuwa Florence, na wakati ule hapakuwa na hati yoyote ya sheria iliyomtaja kuwa mke wake. Miaka mitano tu kabla ya hapo, alikuwa bidhaa katika mnada wa watumwa.

Maisha ya Florence Baker yamesimuliwa mara nyingi kama tanbihi katika habari za mumewe. Yakisimuliwa kwa upande wake mwenyewe, yanakuwa habari ya mtoto mkimbizi aliyepoteza nyumba, akapata makao katika mashua, na akaifahamu biashara ya watumwa kwa namna ambayo wasafiri wengi wa zama zake hawakuifahamu.

Utoto uliokatwa na vita

Florence alizaliwa mnamo mwaka 1841 katika mji wa Nagyenyed, Transylvania, ambao leo unaitwa Aiud na umo nchini Romania. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya utawala wa Austria, na wakazi wake walikuwa Wahungari, Waromania na Wajerumani walioishi kwa kuchanganyikana. Mwaka 1848 Wahungari waliasi dhidi ya Austria, na vita vilivyofuata viligeuka kuwa uhasama baina ya majirani. Mwezi Januari 1849 mji wa Nagyenyed ulichomwa moto na wakazi wake wengi wakauawa. Florence alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Aliwapoteza wazazi wake, naye akabaki mikononi mwa watu wengine.

Uasi ulipozimwa, maelfu ya Wahungari walivuka mpaka na kuingia katika dola ya Uthmaniya. Wengi walikusanyika Vidin, mji wa ngome kando ya mto Danube, katika nchi ambayo leo ni Bulgaria, wakaishi huko katika mahema na vibanda vya wakimbizi. Florence alikuwa miongoni mwa watoto waliofikishwa huko. Watu wazima waliomzunguka walitoweka mmoja baada ya mwingine, wengine kwa maradhi, wengine kwa kurudi makwao au kuendelea mbele. Mtoto asiye na mlezi katika mji ambao biashara ya binadamu ilikuwa bado inaendeshwa hakuwa na kinga. Alilelewa katika nyumba ambayo ilimtunza kama mali inayosubiri kupanda bei.

Mnada wa Vidin

Mwezi Januari 1859 Samuel Baker alifika Vidin bila kukusudia. Alikuwa akisafiri kwa mashua kwenye mto Danube pamoja na Duleep Singh, mfalme wa zamani wa Punjab aliyekuwa akiishi Uingereza, kwa ajili ya uwindaji. Barafu iliiharibu mashua yao, wakalazimika kusubiri mjini. Samuel alikuwa na umri wa miaka 37, mjane mwenye mabinti wanne walioachwa Uingereza kwa jamaa zake.

Kwa mujibu wa masimulizi yaliyohifadhiwa na familia, wageni hao walikwenda kuutazama mnada wa watumwa, na Samuel akamwona Florence akiuzwa. Alitaja bei, lakini wakala wa Pasha wa Vidin akamshinda. Samuel hakukubali kushindwa. Aliwahonga walinzi, na usiku huo akatoroka na msichana huyo kwa gari la farasi kuelekea Bucharest. Tangu siku hiyo hadi kifo chake, Samuel hakuachana naye.

Ni vema kulitazama tukio hilo kwa macho ya Florence. Alikuwa na miaka 17, na mtu aliyemwokoa alikuwa na umri zaidi ya mara mbili ya wake. Hakuwa na pasipoti, hakuwa na jamaa wa kumrudia, na hakuwa na fedha. Uhuru wake ulianza kwa kumtegemea mtu mmoja. Hata hivyo, miaka iliyofuata ilionesha kwamba hakuwa mtu wa kubebwa tu. Kwa takriban miaka miwili Samuel alifanya kazi ya kusimamia ujenzi wa reli kutoka Danube hadi Bahari Nyeusi, na katika muda huo Florence alijifunza Kiingereza, akazoea farasi na bunduki. Samuel alipokata shauri la kwenda Afrika kutafuta chanzo cha Nile, hapakuwa na swali la nani angebaki nyuma.

Nyumba juu ya maji

Waliondoka Cairo tarehe 15 Aprili 1861 kwa dahabia, jahazi la mto Nile lenye vyumba vya kulala upande wa tezi na tanga refu la pembetatu. Kwa siku nyingi upepo wa kaskazini uliwasukuma dhidi ya mkondo wa maji, na ulipotulia, mabaharia walishuka ukingoni na kulivuta jahazi kwa kamba. Huo ulikuwa mwanzo wa maisha ya mashuani ambayo wangeyaishi tena na tena kwa zaidi ya miaka kumi.

Baada ya kuvuka jangwa la Nubia, walitumia takriban mwaka mmoja katika mito inayotiririka kutoka Ethiopia, wakijifunza Kiarabu na namna ya kuishi nchi kavu kwa vitu vichache. Waliingia Khartoum tarehe 11 Juni 1862. Mji huo ulijiita kituo cha biashara ya pembe za ndovu. Ukweli uliofahamika na kila mtu ni kwamba mashua zilizopanda Nile Nyeupe na watu wenye silaha zilirudi na pembe pamoja na binadamu waliotekwa. Florence, aliyetoka katika mnada wa namna hiyo, sasa alikuwa akiishi katika mji uliokula kwa kazi hiyo.

Tarehe 18 Desemba 1862 waliondoka Khartoum na mashua tatu: dahabia waliyoishi wenyewe na mashua mbili kubwa za mizigo. Walikuwa na watu 96 kwa jumla, wakiwamo walinzi 45 wenye silaha na mabaharia 40, pamoja na wanyama 29 wa kubeba mizigo, yaani punda, ngamia na farasi. Safari hadi Gondokoro, karibu na mahali ulipo mji wa Juba leo, ilichukua siku 46.

Katika siku hizo Florence ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba iliyoelea. Aligawa vyakula, alitibu wagonjwa, alishona na kukagua hali ya watumishi. Pande zote mbili kulikuwa na mafunjo na matete yasiyo na mwisho, na usiku mbu waliwafanya watu wakose usingizi. Johann Schmidt, seremala Mjerumani aliyesafiri nao, alikuwa anaugua, akafia njiani na kuzikwa ukingoni kabla hawajafika.

Katika mashua hiyo alikuwamo pia mvulana mmoja aliyeitwa Saat. Alikuwa ametekwa utotoni na wafanyabiashara ya watumwa, akapitia mikono kadhaa, na huko Khartoum alijileta mwenyewe kwa Florence akiomba kazi. Florence alimfundisha kushona na kuhudumia nyumba. Watoto wawili waliotenganishwa na familia zao, mmoja akiwa sasa mwanamke wa miaka 21, walikutana katika chombo kimoja.

Gondokoro na njia ya kusini

Walifika Gondokoro tarehe 2 Februari 1863. Siku 13 baadaye, Waingereza wawili waliokonda walitembea na kuingia katika kituo hicho kutoka kusini. Walikuwa John Speke na James Grant, waliotoka pwani ya Zanzibar na kuiona Nile ikitoka katika Ziwa Viktoria. Speke alimpa Samuel ramani na kumweleza habari alizozisikia kuhusu ziwa jingine upande wa magharibi, ambalo mto huo uliingia na kutoka. Hilo ndilo lililobaki kutafutwa.

Lakini walinzi waliokodiwa Khartoum hawakuja kutafuta ziwa. Walitaka ng'ombe na watumwa, na wakapanga kuasi. Saat ndiye aliyesikia mipango hiyo na kumpasha habari Florence. Mwezi Machi wanandoa hao waliondoka wakiwa na watu wachache, bila mkalimani wala kiongozi wa njia, nyuma ya msafara wa wafanyabiashara ambao hawakutaka kuwaona.

Kiongozi wa msafara huo aliitwa Ibrahim. Yeye na Samuel walipopishana njiani, kila mmoja alikaza uso na kunyamaza. Florence ndiye aliyemwita Ibrahim kwa jina lake, akamsihi mumewe azungumze, na mapatano yakapatikana siku hiyo. Bila sauti yake, huenda safari ingeishia hapo.

Mapatano hayo yalikuwa na gharama. Watu waliochukia biashara ya watumwa walipita nchi za watu chini ya kivuli cha walioiendesha. Msafara wa Ibrahim ulipora ng'ombe na kuteka wanawake na watoto, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwatofautisha Wazungu wale na waporaji waliofuatana nao. Walikaa miezi mingi katika nchi za Walatuka na Obbo, katika Sudan Kusini ya leo. Farasi, ngamia na punda walikufa mmoja mmoja. Kwinini ilikwisha, na homa ikawashika kwa zamu.

Katika baraza la Bunyoro

Mwezi Januari 1864 walifika Karuma, wakaingia katika ufalme wa Bunyoro, uliokuwa chini ya Mukama Kamurasi. Huko walikuta hofu. Muda mfupi uliopita, watu wa mfanyabiashara mmoja wa Khartoum walikuja wakijidai kuwa ndugu wa Speke, wakapokewa kwa ukarimu, kisha wakaungana na hasimu wa mfalme na kuua watu wake. Kwa hiyo Kamurasi alikuwa na haki ya kujihadhari. Aliyejitokeza mbele ya wageni na kujiita mfalme alikuwa kwa kweli ndugu yake, jambo ambalo wageni hao waliligundua baadaye.

Baada ya zawadi nyingi kutolewa, mtu huyo alikubali Samuel aende ziwani, lakini akataka Florence aachwe kwake. Samuel alitoa bastola. Florence aliinuka na kumkemea kwa Kiarabu, na Bacheeta, mwanamke aliyekuwa mkalimani wao, akatafsiri kwa ukali uleule. Mtu huyo alieleza kwamba hakukusudia ubaya, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kuwapa wageni wake wake. Kwake yalikuwa mapatano ya heshima baina ya wakubwa. Kwa mwanamke aliyekwisha kuwekewa bei mbele ya umati, hayakuweza kuwa mapatano.

Siku chache baadaye, wakivuka mto Kafu juu ya majani mazito yanayoelea, Samuel aligeuka na kumwona Florence akizama taratibu, uso ukiwa umebadilika rangi. Jua lilikuwa limempiga. Alibebwa kwenye machela kwa siku kadhaa bila fahamu, kisha akiwa na fahamu iliyovurugika, mvua ikinyesha na chakula kikiwa haba. Samuel naye alianguka kwa uchovu, na watumishi wao wakatia mpini mpya katika sururu kwa ajili ya kuchimba kaburi. Asubuhi iliyofuata Florence alifumbua macho akiwa ametulia. Kaburi halikuchimbwa.

Siku 13 katika mtumbwi

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1864 walisimama juu ya genge na kuliona ziwa chini yao, limetanda hadi milima ya mbali ya magharibi, ambako leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliteremka kwa miguu kwa muda wa saa mbili, Samuel akijiegemeza kwa fimbo ya mwanzi na Florence akimshika bega. Waliingia Vacovia, kijiji cha wavuvi na wachuuzi wa chumvi, wakanywa maji ya ziwa.

Walisubiri mitumbwi kwa zaidi ya wiki moja, wote wakiwa na homa. Hatimaye ilipatikana miwili. Mkubwa zaidi ulichukua watu na mizigo. Mwingine, wenye urefu wa karibu mita nane, ukawa makao yao. Samuel alijenga kibanda cha fito na matete upande wa tezi, akakifunika kwa ngozi za ng'ombe, hata kikafanana na gamba la kobe. Ndani yake palikuwa na nafasi ya watu wawili kujinyoosha, wakikingwa na jua na mvua, na si zaidi ya hapo.

Wapiga makasia walitoroka baada ya siku ya kwanza. Ilibidi watumishi wa msafara, ambao hawakujua kazi hiyo, washike makasia, na mtumbwi ukawa unazunguka kama pia. Samuel alitoboa tundu, akafunga kasia kuwa usukani, akasimamisha mlingoti wa mwanzi, na shuka lake kubwa la sufu la Kiskoti likawa tanga. Hatimaye wenyeji wengine walikubali kuwasaidia, na mitumbwi ikasonga.

Kwa siku 13 waliambaa na pwani kuelekea kaskazini. Kulipokucha maji yalikuwa shwari, na viboko na mamba walionekana kando ya matete. Mchana upepo wa kusini-magharibi uliinuka na kuleta mawimbi makubwa, hivyo walilazimika kutafuta nchi kavu kabla yake. Siku moja walichelewa. Tufani iliwakuta mbali na ufuko, mawimbi yakaingia ndani, na watu wakachota maji kwa vibuyu na vyombo vya kupikia mpaka mtumbwi ulipobwagwa mchangani. Kile kibanda cha ngozi, kwa kuzuia maji yasiingie kwa wingi upande wa tezi, kiliwaokoa. Usiku walilala katika vijiji vya wavuvi au ufukoni, wakila samaki na kuku walipowapata, na mboga za porini walipowakosa.

Walifika Magungo, mahali ambapo Nile inayotoka Ziwa Viktoria inaingia katika Mwitanzige. Mto ulikuwa mpana na umetulia, nao Samuel alitaka kuhakikisha kwamba ndio uleule waliouvuka Karuma ukinguruma. Afya zao zilikuwa mbaya, na njia ya kurudi ilikuwa upande mwingine, lakini Florence alikubali waendelee. Walipanda mto kwa mtumbwi mpaka maji yote ya Nile yakaonekana mbele yao yakipenya katika ufa wa mwamba wenye upana wa takriban mita saba na kuporomoka zaidi ya mita 40. Hapo kiboko aligonga mtumbwi wao na kuuinua kidogo kutoka majini, huku mamba wakiwa wamejaa kando. Haukupinduka.

Majina ya ramani

Samuel aliliita ziwa hilo Albert, kwa jina la mume wa Malkia Victoria aliyefariki mwaka 1861. Maporomoko aliyaita Murchison, kwa heshima ya rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Mabwana hao wawili hawakuwahi kufika huko. Jina la Florence halikuwekwa katika ziwa alilolivuka wala katika maporomoko aliyoyatazama.

Samuel aliliona ziwa kuwa kubwa kuliko lilivyo, akadhani linaendelea mbali sana kusini. Mwaka 1876 Mtaliano Romolo Gessi alilizunguka, na ikabainika kwamba lina urefu wa takriban kilomita 160 tu. Karne moja baadaye, katika miaka ya 1970, lilibandikwa kwa muda jina la Rais Mobutu wa Zaire, nayo maporomoko yakaitwa Kabalega. Majina ya wakubwa yamekuja na kuondoka. Jina la Mwitanzige, lenye maana ya muuaji wa nzige, limebaki katika vinywa vya wanaoishi kando yake.

Ndoa iliyochelewa

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Vita vya ndani vya Bunyoro viliwanasa kwa miezi mingi, na kwa muda mrefu waliishi kwa unga ulioharibika na majani ya porini. Walipofika Gondokoro mwaka 1865, hapakuwa na mashua iliyowasubiri, kwa kuwa Khartoum iliamini kwamba walikufa. Walikodi dahabia ambayo tayari ilikuwa imebeba wagonjwa wa tauni. Ugonjwa huo ulizuka tena ndani ya chombo, na Saat akaambukizwa. Florence alimuuguza mwenyewe, lakini kijana huyo alifariki kabla ya kuiona Khartoum, akazikwa kando ya mto. Wenzake waliingia mjini tarehe 5 Mei 1865.

Tarehe 4 Novemba 1865, katika kanisa la St James's, Piccadilly, jijini London, Samuel na Florence walifunga ndoa kimyakimya. Jumuiya ya Kijiografia ilikuwa imekwisha kumtunuku Samuel medali ya dhahabu, na mwaka 1866 akapewa cheo cha Sir. Florence akawa Lady Baker. Lakini Malkia Victoria alikataa kumpokea katika jumba lake, kwa sababu alisikia kwamba wawili hao waliishi pamoja kabla ya ndoa. Mwanamke aliyesimama imara katika baraza la Bunyoro alifungiwa mlango wa baraza la London. Mabinti wa Samuel, ambao mkubwa wao alikaribiana naye kwa umri, walimpokea kama mama na rafiki.

Kurudi na jeshi

Mwaka 1869 Khedive Ismail wa Misri alimpa Samuel kazi ya miaka minne, kwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, ya kukomesha biashara ya watumwa katika Nile ya juu na kuzitwaa nchi hizo kwa ajili ya Misri. Florence alikwenda naye. Safari hii walikuwa na meli za moshi, makumi ya mashua na zaidi ya askari elfu moja. Visiwa vya majani yanayoelea viliziba mto, na iliwachukua zaidi ya mwaka mmoja kufika Gondokoro, wakiishi ndani ya vyombo huku askari wakikata njia kwa mapanga na majembe. Katika kipindi hicho Florence aliandika shajara, akitaja maradhi, vifo na siku ndefu za kusubiri.

Katika nchi ya Waacholi, huko Patiko, kaskazini mwa Gulu, walijenga ngome mahali ambapo wafanyabiashara walikuwa wakiwakusanya mateka. Watu wengi waliachiliwa huru. Waacholi walimwita Florence Anyadwe, yaani binti wa mwezi, kwa ajili ya nywele zake ndefu za rangi ya dhahabu, na mabaki ya ngome hiyo ya mawe yanatembelewa hadi leo.

Bunyoro ilikuwa habari nyingine. Mwezi Mei 1872, mjini Masindi, Samuel alitangaza kwamba nchi hiyo ni mali ya Misri. Mukama alikuwa sasa Kabalega, mwana wa Kamurasi, kijana ambaye hakuwa ameomba kutawaliwa. Tarehe 8 Juni mapigano yalizuka, na Masindi ikachomwa moto. Siku chache baadaye Samuel alilazimika kurudi nyuma, na kwa siku kadhaa msafara wake ulishambuliwa kwa mikuki kutoka katika nyasi ndefu. Florence alitembea katika msafara huo akiwa na silaha, baada ya kuteketeza sehemu kubwa ya vitu vyao.

Katika masimulizi ya Uingereza ya zama hizo, huo ulikuwa ushujaa. Katika kumbukumbu za Bunyoro, ulikuwa uvamizi wa kwanza kati ya mingi. Kabalega alipigana na Waingereza hadi alipokamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli, na mwaka 2009 Uganda ilimtangaza rasmi kuwa shujaa wa taifa. Florence alizipita nchi za watu akiwa mwanamke aliyewahi kuuzwa, lakini mwaka 1872 alizipita pia akiwa mke wa mtu aliyetaka kuzitwaa. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli katika maisha yake, na moja halifuti jingine.

Miaka ya mwisho

Walirudi Uingereza mwaka 1873 na kununua nyumba ya Sandford Orleigh huko Devon. Hawakutulia. Walisafiri Misri, India na Japani, na mwaka 1879 walizunguka kisiwa cha Cyprus wakiishi ndani ya gari la kukokotwa, nyumba ya magurudumu badala ya ile ya matanga. Mwezi Januari 1884 Jenerali Charles Gordon aliwatembelea, akamtaka Samuel arudi Sudan. Florence hakukubali, na Samuel hakwenda. Mwaka uliofuata Gordon aliuawa Khartoum.

Samuel Baker alifariki tarehe 30 Desemba 1893. Florence aliishi Sandford Orleigh miaka mingine 22, hadi alipofariki tarehe 11 Machi 1916, wakati Ulaya ilikuwa tena katika vita vilivyowafukuza watu makwao. Alizikwa Grimley, karibu na Worcester, yalipo mabaki ya mumewe. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1972 na Anne Baker, mmoja wa watu wa ukoo huo, na ndipo wasomaji walipoanza kumsikia Florence mwenyewe badala ya kumsoma katika vitabu vya Samuel.

Mwitanzige bado ni njia ya wanaotafuta usalama. Mwaka 2018 maelfu ya Wakongo waliokimbia mauaji ya Ituri waliuvuka upana wake kwa mitumbwi na mashua za wavuvi hadi ufuko wa Uganda, wakiwa na watoto na vifurushi walivyoweza kubeba. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo wenye umri wa miaka saba, umri aliokuwa nao Florence alipotoka Nagyenyed.